Mguu Unaovuka Nyasi

Avelina alijifunza karate kwenye kibanja cha mama yake, yaani shamba linaloizunguka nyumba, katikati ya mistari miwili ya migomba, kwa sababu kanisani yeye na wenzake walikuwa wamefukuzwa.

Walifukuzwa kwa upole. Hagenimana, kibarua aliyekuja Nyabiyonza kupogolea mibuni na ambaye ujanani mwake huko Bujumbura alikuwa mwalimu wa karate, aliomba ukumbi wa usharika kwa Jumamosi jioni, akapewa. Akabandika ukutani picha ya mzee wa Kijapani, akawapanga vijana mstari, akawaambia wainame. Mzee wa kanisa, Ta Athanasi, alikuwa anapita zake. Akachungulia dirishani, akaona watoto wa kipaimara wameinamia picha ya mtu asiyejulikana hata ukoo.

"Huyo ni nani yenu?" aliuliza alipoingia.

"Ni mwalimu wa walimu wetu, mzee. Tunamsalimu tu."

"Yu hai?"

"Alikufa zamani."

"Basi kamsalimieni nje," alisema Ta Athanasi, akasimama mlangoni mpaka wa mwisho akatoka.

Ma Benadeta, mama yake Avelina, ambaye siku hizo nyonga yake ilikuwa nzima, akasema waje kwake. Aliwapa sharti moja tu: wasimvurugie nyasi. Huko Karagwe kibanja hutandazwa nyasi mwaka mzima, nene kama godoro, ili udongo usikauke na magugu yasiote. Kibanja kinachoonyesha udongo ni kama mtu aliyetoka nje bila shati. Wapita njia hukitazama kwa haraka, kisha hutazama pembeni, na wakifika mbele ndipo wanapoanza kusema.

Humo ndimo Avelina alimojifunza kata, yaani ule mfuatano wa mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake, kana kwamba maadui wapo. Kata nyingi humzungusha mtu pande zote, na kibanjani ukizunguka unakumbana na mgomba. Iliyotoshea ilikuwa moja, inaitwa Naihanchi. Katika hiyo mtu haendi mbele wala harudi nyuma. Huchuchumaa kidogo kama aliyepanda farasi, akaenda ubavu kulia, akarudi ubavu kushoto, akaishia alipoanzia.

"Kwa nini hatuendi mbele?" Avelina alimwuliza Hagenimana siku moja.

"Walioitunga walikuwa watu wa kisiwani, mbali. Wapo wanaosema mtu huyu yuko juu ya tuta jembamba katikati ya majaruba ya mpunga. Wengine wanasema amebanwa, mgongo uko ukutani. Mimi nilifundishwa, sikuelezwa."

Avelina alichagua la ukuta. Hakumwambia mtu, lakini kila alipochuchumaa pale katikati ya migomba aliusikia ule ukuta mgongoni.

Miaka ikapita. Wenzake waliolewa, wengine wakaenda Geita kutafuta maisha. Hagenimana naye alirudi kwao, akamwachia mkanda wa kahawia na kumwambia kuwa mweusi si wake kuutoa; huo hutolewa na wakaguzi wa chama cha karate. Mwaka uliofuata Ma Benadeta akateleza akitoka kisimani, akavunjika nyonga. Kutoka hapo maisha ya Avelina yakawa ya ubavu kwa ubavu. Kumwamsha mama, kumwogesha, kumweka kwenye kiti. Kumenya ndizi, kuchuma kahawa, kuanika kahawa, kuanua mvua ikitishia. Kumrudisha mama kitandani. Kibanja cha namna ile ni kizuri ukikitazama kutoka barabarani. Ukiwa ndani, mbingu huzioni vizuri. Majani yamekutana juu, na jua likifika chini huwa limeshachoka. Kuna siku Avelina alikuwa akisimama mpakani, mahali mgomba wa mwisho unapogusa njia, akatazama pikipiki zinavyopita kwenda Kayanga. Hakuwa anangoja mtu. Alikuwa anatazama tu jinsi watu wanavyopita.

Jumapili mchana aliwafundisha wasichana wachache wa majirani. Hapo ndipo alipoonwa na Sista Evangelina, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana upande wa Bugomora, aliyekuja kwenye msiba wa nyumba ya pili.

"Matroni wangu anastaafu," Sista alisema. "Na wasichana wangu wanaogopa hata vivuli vyao. Nataka mtu atakayelala nao bwenini na kuwafundisha kusimama. Lakini bodi haitaniruhusu nichukue mtu kwa maneno. Niletee cheti cha mkanda mweusi kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa saba."

Jioni ile Avelina alimpigia simu kaka yake Anatory, mwuza vipuri mjini Geita.

"Ukipata kazi ya mshahara, sina neno," alisema Anatory. "Costansia atakuja kukaa na mama, nimeshaongea naye. Lakini simtoi mke wangu huku ili wewe ukatembee. Cheti kwanza."

"Cheti nitakipata."

"Haya. Tutaona."

Ma Benadeta alikuwa anasikiliza kutoka chumbani. Usiku ule aliomba maji mara nyingi kuliko kawaida.

Mtihani ulifanyika Kayanga, katika bwalo la shule lenye sakafu ya saruji. Jirani yao Umutesi alikubali kushinda na mgonjwa. "Nenda, lakini usinikawize," alisema. "Nina maharage yangu juani, na mama yako akianza kunieleza habari za marehemu baba yako hanyamazi."

Avelina alikuwa mkubwa kuliko wote. Vijana wa Bukoba na wa Kyerwa walikuwa na nguo nyeupe zilizonyooshwa. Yake ilikuwa imeshonwa na fundi wa Nyabiyonza kwa kitambaa cha shuka. Mapigo ya msingi aliyapita vizuri. Kupigana na mwenzake alipita pia, na kijana aliyepangiwa naye akatoka amejishika mbavu bila kucheka. Ikabaki kata.

Aliinama, akachuchumaa, akaanza. Hapakuwa na mgomba wa kumzuia upande wowote, na uwazi ule ulimtia baridi. Akavusha mguu mmoja mbele ya mwingine. Akasikia mtu anacheka nyuma.

"Shangazi anaruka madimbwi," alisema mmoja.

"Si madimbwi. Ameona nyoka," alijibu mwenzake.

Mkaguzi, Mwalimu Celestin, mtu wa Kiziba mwenye goti bovu, aliwanyamazisha kwa kidole. Alimwacha amalize hadi mwisho, kisha akaja hadi mbele yake akichechemea.

"Dada Avelina. Mikono yako ni mizuri, sijaona mizuri hivyo mwaka huu. Lakini huo mguu wa kuvuka umeutoa wapi?"

"Ndivyo ulivyo, mwalimu."

"Sivyo. Mguu unaopanda upo, unakuja baadaye. Huu wa kuvuka hupita chini, karibu kugusa sakafu. Wewe unaunyanyua kama unaingia mtumbwini."

"Ni wa kuvunja goti," alisema Avelina. "Adui anakuja kutoka ubavuni, mguu unapita juu ya goti lake."

"Nani alikuambia hivyo?"

Avelina akafungua mdomo kulitaja jina la Hagenimana, akajizuia. Hagenimana hakuwahi kusema hivyo. Ni msichana mmoja wa Jumapili aliyeuliza mguu unapanda kwa nini, naye Avelina akafikiri kidogo, na jibu likaja zuri, limenyooka, akalitoa. Jumapili iliyofuata akalirudia. Mwishowe akaliamini kama amri.

"Mlijifunzia wapi?" Mwalimu Celestin aliuliza tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Kibanjani kwetu."

"Kina nyasi?"

"Zipo."

"Zinafika wapi?"

Avelina aliinama akaonyesha kwa kiganja, katikati ya muundi. Mwalimu Celestin akakitazama kile kiganja, akautazama mguu, kisha akajifunika uso kwa mkono. Hakuwa anamcheka.

"Mama yangu angetuua tungeziburuta," alisema.

"Wangu alisema hivyo hivyo."

Na pale pale Avelina akaisikia sauti ya Hagenimana, wazi kabisa, kutoka siku za mwanzo: inueni mguu, jamani, nyasi za watu. Alikuwa ameyasema mara nyingi, kisha akaacha kuyasema, kwa sababu miguu ilikuwa imeshashika.

"Na yenyewe," aliuliza Avelina, "kata yenyewe, kuhusu ubavu. Ni ukuta, au ni majaruba?"

"Hakuna anayejua. Mwalimu wangu alikataa yote mawili. Alisema ubavu ule si njia ya kupita, ni mtu uliyemshika karibu, unamzungusha. Waliojua hawakuandika."

"Basi huenda na wao walikuwa na nyasi zao."

"Huenda. Ndiyo maana nakuogopa. Nikiupitisha mguu huu leo, utawafundisha wasichana wa shule nzima, nao watafundisha wengine. Wajukuu wao watavunja magoti ya hewa, na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na mama mmoja Nyabiyonza na nyasi zake." Mwalimu Celestin akarudi nyuma hatua moja. "Rudia. Mguu upite chini. Ukipita chini nakupa, sina kinyongo."

Avelina alirudia. Alikuwa anautazama mguu wake kwa jicho la ndani, anausihi. Ulipofika wakati wa kuvuka ukapanda. Akasimama, akaanza upya bila kuambiwa. Safari hii aliushikilia chini, lakini mwili wote ukakatika kama mtu aliyesahau neno katikati ya sala, mikono ikachelewa, nyonga ikayumba. Mara ya mwisho akaacha kufikiri, akajiachia tu, na mguu ukapanda kwa uzuri wote aliokuwa nao. Wale vijana hawakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwezi wa kumi na mbili tunarudi," alisema Mwalimu Celestin. "Njoo."

Akiwa stendi alimpigia Sista Evangelina, asije akakosa ujasiri akifika nyumbani. Sista alisikiliza hadi mwisho.

"Basi nitachukua mtu wa muda," alisema. "Wa muda hadi Januari. Bodi ikimpenda, mwanangu, sitakudanganya, atabaki."

"Nimeelewa, Sista."

Kwa Anatory hakupiga. Alimtumia ujumbe, akajibiwa kabla pikipiki haijafika Nyabiyonza: Pole. Tulia na mama.

Umutesi alikuwa mlangoni tayari, kitenge chake kimefungwa kwa safari. Alimtazama usoni mara moja, akasema maharage yake yamekauka vizuri, akaenda. Ndani, Ma Benadeta aliketi wima kitandani.

"Wamekupa?"

"Bado, mama."

"Bado maana yake nini?"

"Maana yake sijafaulu."

Mama akashusha pumzi. Alijitahidi kuificha, akajifanya anatengeneza blanketi, lakini Avelina aliiona: mabega yalilegea, na uso ukapata utulivu aliokuwa hajauona tangu siku ya simu. Mama yake alikuwa amefurahi. Hilo ndilo lililomfungia mlango kuliko saruji ya Kayanga. Akampikia, akamlisha, akamlaza.

Kesho yake, umande ukiwa bado majanini, alichukua reki na kwenda pale katikati ya mistari miwili. Alianza kukokota nyasi. Za juu zilitoka kirahisi. Za chini zilikuwa zimeoza na kushikana, ikabidi azing'oe kwa mikono. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, unang'aa, una minyoo isiyozoea mwanga. Akaendelea mpaka ukaonekana ukanda mrefu, mtupu, kutoka mgomba hadi mgomba, na mtu yeyote aliyepita njiani angeuona.

"Avelina!" Mama alikuwa amejikokota hadi mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. "Unafanya nini kwenye kibanja cha baba yako?"

"Nataka mahali pa kukanyaga."

"Watu watapita."

"Wapite."

"Watasema nimekufa na hujanizika. Watasema ndani hamna mtu."

Avelina alikuwa amevua kandambili. Akachuchumaa, mgongo wima, akageuza kichwa kulia, akavusha mguu. Ukapanda, juu kabisa, ukavuka nyasi ambazo hazikuwepo. Akarudi mwanzo.

Ma Benadeta alimtazama hivyo kwa muda. Njiani sauti za wanawake waendao shamba zilianza kusikika, bado mbali.

"Usizitupe hizo nyasi," alisema mwishowe. "Zirundike kwenye shina la ule mgomba wenye mkungu. Ukiuacha mtupu utanywea." Kisha akasema, "Na uje unishike. Uniwekee kiti pale njiani."

"Kwa nini njiani, mama?"

"Niwasalimie mimi. Mtu akiulizwa habari za nyumbani kwake hawezi kukutazama wewe." Alipumua kwa shida, nyonga inamwuma. "Mimi sitaki uende. Usije ukadhani nimekubali."

"Najua."

"Basi njoo unishike, wanakaribia."

Avelina akaacha pale alipofika, akanawa udongo mikononi, akaenda kumshika.