Chai ya Alasiri ya Msusi

Msusi alikuwa na kazi za watu watatu, lakini humkuti akihema. Kichwa kimoja kikiwa mikononi, mteja mwingine alishatumwa kuosha nywele. Vidole vilikimbia, sauti ikabaki ya polepole, kama anabembeleza mtoto. Kila alasiri alifunga mlango, akavua viatu, akanywa chai yake, hata foleni iwe imefika barazani. Binti yake, ambaye siku hizi hula chakula cha mchana amesimama, macho kwenye kompyuta, bado anaikumbuka siku ile bi harusi mmoja alipogonga mlango kwa fujo.

“Mama, nimechelewa!”

“Ingia, mwanangu. Ila mimi nakunywa chai.”

“Watu wananisubiri!”

“Watangoja. Kwani wewe tangu asubuhi umekula nini?”

Bi harusi akatikisa kichwa. Msusi akamvutia kiti, akammiminia kikombe, akamkatia mkate. Walikunywa pamoja.

“Leo hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo,” bi harusi akasema hatimaye. Akaliegemea bega la msusi, na usingizi ukampitia. Huko nje watu walianza kunung'unika. Msusi akakaa tuli, asije akamwamsha.