Siku Mjomba Alipoipa Mbio Pikapu ya Mama

Sisi tuliosoma Ifakara miaka ya tisini tulikuwa na miguu ya vumbi na mifuko iliyojaa pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa. Asubuhi mchakamchaka kabla jua halijapanda, tukiimba mpaka sauti zinakauka. Mchana tulicheza rede nyuma ya kanisa. Jioni mama zetu walituita kwa majina yetu yote ya ubatizo, na ukiitwa hivyo ujue fimbo imeshakatwa. Mpunga ulipoanza kukomaa, karibu kila ua wa mtaa wetu, Mlabani, ulisikika ukitwanga. Pepeta ile, ya moto bado na yenye ukijani kwa mbali, tuliila darasani punje kwa punje huku mwalimu ametupa mgongo. Watoto wa siku hizi ukiwapa pepeta wanauliza sosi iko wapi. Huwa nawacheka, halafu naacha, kwa sababu kumbukumbu zangu za miaka ile haziendi mbali kabla hazijafika kwenye pikapu ya mama.

Ilikuwa ya baba kwanza. Alipostaafu kiwandani aliinunua ikiwa tayari imezeeka, rangi ya maziwa iliyochujuka, na akaanza kusafirisha watu na mpunga kati ya Ifakara, Idete na Namawala. Kifua kilipomkaba asiweze kuzungusha usukani, alimweka mama kwenye kiti cha dereva, yeye akakaa pembeni na blanketi mabegani, akimfundisha. Mimi na mdogo wangu Oliva tulikuwa nyuma, tumeshikilia mabomba, tunasikia yote kupitia dirisha dogo.

"Kwenye tope usikanyage," baba alikuwa akisema. "Tope halitishwi. Tia gia ya kwanza, mwachie mwenyewe atembee. Msikilize tu."

Baba alifariki mwaka huohuo. Baada ya arobaini mama alifunga kitenge vizuri, akaingia kwenye pikapu, akaenda Namawala. Watu walitoka madukani kumtazama. Mwanamke anaendesha! Wazee wengine walikataa kupanda. Masika yalipofika, magari ya vijana yakalala kwenye tope la mbuga siku mbili mbili, na ya mama ikapita katikati yao ikiguruma polepole kama mtu anayesali. Wazee wakaanza kupanda.

Wakati wa kiangazi, hata hivyo, pikapu ilikuwa aibu yetu. Barabara ikikauka kila gari lilitupita na kutuachia vumbi. Shuleni waliiita Kobe. "Getu, Kobe wenu amefika wapi?" Nikiwa na miaka kumi na moja, hakuna tusi lililoniuma kama hilo. Oliva aliwahi kung'atana na mtoto wa watu kwa ajili yake.

Aliyekuwa hajali Kobe ni Dada Skola. Skolastika alikuwa jirani yetu, binti wa miaka ishirini hivi, na ndiye aliyetusuka kila Jumamosi huku akituimbisha nyimbo za kwaya, akituvuta nywele tukikosea sauti ya pili. Mama alimpenda kama mtoto wake wa kwanza. Alipoolewa Namawala, pikapu ndiyo iliyompeleka, imefungwa matawi na kanga, na mama aliendesha taratibu njia nzima ili vumbi lisimchafue bibi harusi. Sisi tulilia kwa wivu. Nani sasa atatusuka?

Kiangazi kilichofuata akaja Mjomba Kasiani, mdogo wake mama, fundi wa gereji huko Dar es Salaam. Alishuka kwenye treni akiwa amebeba kitu kizito kwenye gunia, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Alikifungua uani mbele yetu sote. Kilikuwa chuma cheupe chenye mikono minne mifupi, minene, na kabureta mbili kubwa zimekaa juu yake.

"Hii ni manifodi," alisema. "Ndiyo inayoipelekea injini hewa na petroli. Imetoka kwenye gari la mbio. Mwenye gari kaligonga, bodi imekwisha, lakini hii haina hata mkwaruzo. Na injini ya lile gari na hii yako, dada, ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni pua tu. Hii yako inavuta hewa kama mtoto mwenye mafua."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama hakucheka. "Kasiani, mimi sishindani na mtu."

"Dada, abiria wanakukimbia. Nimewaona stendi leo hii."

"Watarudi mvua ikinyesha."

Alikataa siku hiyo, akakataa na kesho yake. Mjomba alishaanza kuirudisha manifodi kwenye gunia. Ni mimi na Oliva tuliomwendea mama jikoni. Tulimlilia. Tulimwambia tunavyochekwa, tulimwambia baba angekubali. Hilo la baba nililisema mimi. Sikujua baba angesema nini. Nilitaka tu tuyapite magari ya wenzetu. Mama aliacha kukoroga, akanitazama, kisha akasema, "Haya. Mwambieni mjomba wenu afanye."

Ilimchukua siku mbili. Matundu mawili ya bolti hayakukutana, akayapanua kwa tupa, akikaa juu ya mkeka na kuimba. Gasketi alikata kwenye karatasi ngumu. Waya wa mafuta akaupinda ili uvute kabureta zote mbili kwa pamoja. Kile chombo cha kuchujia hewa hakikuenea tena chini ya boneti, basi akafunika midomo ya kabureta kwa kitambaa. Manifodi ya zamani, nyembamba na nyeusi, akaifunga kwenye gunia akaiweka stoo. Alipowasha, kuku wa majirani walitawanyika. Haikuguruma tena, ilinguruma. Alitupeleka barabara ya Idete, vumbi nyuma yetu kama ukuta, na tukayapita magari mawili, moja baada ya jingine, huku mimi na Oliva tukipiga kelele mpaka machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ni kweli.

Mama ndiye aliyegundua kwanza. "Ukienda polepole inakohoa," alimwambia mjomba.

"Usiende polepole, dada," mjomba alijibu, na wote tukaona ni jibu zuri. Akarudi Dar es Salaam.

Abiria walirudi. Shuleni jina la Kobe likafa. Kiangazi kikaisha, vuli ikapita na manyunyu tu, kisha masika yakaja yenyewe, yale ya Kilombero ambayo maji hayaulizi mpaka wa shamba wala wa nyumba.

Jumamosi moja asubuhi mume wa Skola alifika uani kwetu na baiskeli, tope mpaka shingoni. "Mama Getu, shikamoo. Skola ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Mkunga amesema hospitali." Mama hakumaliza chai yake. Nilirukia nyuma bila kuombwa, na kwa haraka ile hakuna aliyenishusha.

Kwenda tulifika. Pikapu ilikuwa tupu, mama akaikanyaga, tukaruka madimbwi kama mawe yanayotupwa. Namawala wakampakia Skola nyuma juu ya magodoro mawili, mkunga pembeni, mume wake, shemeji zake wawili, na mimi nikashika kichwa chake mapajani. Aliponiona alijaribu kutabasamu. "Getu, nani kakusuka hivi vibaya?"

Tukaondoka. Mama alienda kasi, kama gari lilivyotaka, na katika shimo la kwanza tu Skola alipiga ukelele ambao sijausahau. Mkunga akagonga kioo. "Polepole, mama! Utamuua!"

Mama akapunguza. Injini ikakohoa. Akakanyaga kidogo, ikashtuka na kuruka, Skola akalia tena. Akapunguza, ikazima. Akawasha. Hivyo hivyo, mpaka tukafika kwenye mbuga kati ya Namawala na Idete, pale ambapo udongo ni mweusi na unanata kama ugali. Mara ngapi nilikuwa nimepita pale na baba amekaa na blanketi lake, gari likitembea lenyewe kwa gia ya kwanza! Mama akatia gia ya kwanza. Nilimwona kupitia dirisha dogo amekaza shingo, anasikiliza. Pikapu ikaingia kwenye tope, ikavuta hatua tano, sita, ikakohoa, ikafa. Akawasha tena, akakanyaga kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na magurudumu yakazunguka kama feni yakajichimbia kaburi. Tulizama mpaka ekseli.

Wanaume walikata nyasi na matawi, wakasukuma, wakachimba kwa mikono. Mama naye akavua viatu akasukuma. Mvua ikaanza. Tulimfunika Skola kwa turubai, nami nikashika ncha moja juu ya uso wake mpaka mikono ikafa ganzi. Jua lilikuwa kichwani tulipozama. Lilikuwa limeshuka upande wa milima ya Udzungwa tulipoona Wasukuma wawili wakija na maksai wao, wakifuatwa na shemeji mmoja aliyekuwa amekimbia kuwatafuta. Walifunga minyororo bila maneno mengi. Ng'ombe wakatuvuta kwa hatua zilezile za polepole ambazo pikapu ilikuwa imezisahau.

Lakini mtoto alikuwa ameshatoka, pale kwenye tope, chini ya turubai. Wa kiume. Mkunga alimgeuza, akampiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akampulizia tena. Kisha akachukua kanga akamfunika uso, na hakuna aliyeuliza kitu. Skola aliuliza. "Mbona halii?" Aliuliza mara tatu, na mara ya tatu aliniuliza mimi.

Hospitali walimwokoa yeye. Kizazi hawakuweza.

Mjomba alipopata habari alipanda treni iliyofuata. Hakusalimia mtu. Alienda stoo, akatoa lile gunia, na katika alasiri moja akairudisha manifodi ya zamani. Akaichukua pikapu peke yake mpaka ileile mbuga, akaingia kwenye tope, akatoka. Alirudi miguu imejaa tope, akasimama mlangoni.

"Dada, inavuta," alisema huku analia. "Nguvu yake yote nilikuwa nimeihamishia kwenye mbio, kwenye mwendo wa taratibu hakikubaki kitu. Sasa inavuta kama zamani. Njoo uone."

"Ndiyo maana sitaki kuiona," mama alisema.

Hakuishika tena. Pikapu ilikaa nyuma ya nyumba mpaka matairi yakaoza na kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, kisha ikauzwa chuma chakavu. Mama alilima mpunga kwa jembe la mkono. Mjomba aliacha ufundi, akauza viatu vya mitumba, na kila alipokuja kututembelea alikaa karibu na mlango kama mgeni.

Mpunga ulipovunwa mwaka ule Skola alikuja. Amekonda, amebeba kikapu cha mchele mpya kichwani. Alipiga magoti mbele ya mama. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kuona shikamoo ikiachwa hivyo chini, ikisubiri.

"Mama Getu, mimi sina neno na wewe," Skola alisema. "Usingekuja, na mimi ningekuwa udongoni pamoja naye."

"Usinisamehe, Skola," mama alisema. "Ukinisamehe, huu mzigo nitaupeleka wapi?"

Skola aliweka kikapu chini, akakaa mkekani, na wakakaa hivyo mpaka jua likaondoka uani. Kabla ya kwenda aliniita, akafumua nywele zangu, akanisuka. Hakuimba.

Nilipokuwa mkubwa nilimwambia mama kwamba ni sisi tuliomlilia, na kwamba lile neno la baba nililitunga. Alisema, "Mtoto hulia. Mkubwa ndiye huamua." Nilijua anataka kunipunguzia. Haikupungua.

Sasa enzi zetu zimekuwa hadithi za kuwachosha watoto. Vijana wanafunga mabomba ya moshi makubwa kama madebe ili gari liseme kwa sauti, na wakikwambia hii nimeiongezea nguvu, mimi nashindwa kuwauliza wameitoa wapi. Mjamzito wa Namawala anapiga simu, gari linakuja. Bodaboda wanapita masika na kiangazi. Najua ni bora hivi. Mtu asinisikie nikisema zamani ilikuwa nzuri. Ninachosema ni kwamba zamani tulikuwa na Skola, na tulikuwa na mama anayeendesha.

Mwaka jana Skola alifariki, na mama, pamoja na miguu yake mibovu, akasema lazima azike. Tulikodi gari la kijana mmoja wa Mlabani. Makaburini Namawala, aliyetupa udongo wa kwanza alikuwa mtoto wa dada yake Skola. Wakati wa kurudi, kabla ya Idete, mama alimgusa dereva begani, akamwomba asimame kwenye ile mbuga. Tukashuka. Barabara imeinuliwa kwa kifusi na mawe, makalavati yako chini, na pembeni pana vibanda vya kuchaji simu. Mama aliangalia upande huu, akaangalia upande ule.

"Getu, ni hapa?"

"Nadhani ni mbele kidogo, mama."

Tukatembea mbele kidogo. Akasimama tena, akainama kuutazama udongo. "Sipajui," alisema. "Hata hapa sipajui."

Kijana akapiga honi. Tulipoingia garini akapunguza muziki, akauliza kama tumedondosha kitu. Nikamwambia hapana, twende tu.