Mwenyekiti Wetu wa Jukwaani

Tulipokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kusimamia jukwaa. Sikuweza kuigiza, nikisimama mbele za watu nilisahau kila neno.

"Wewe utakaa nyuma ya pazia," alisema. "Kila kinachoingia na kutoka kipitie mikononi mwako."

Tamthilia tuliitunga wenyewe, jioni baada ya masomo, kwa kujaribu na kucheka. Ilimhusu mwenyekiti wa kijiji anayezindua bomba la maji kila uchaguzi unapokaribia. Bomba lenyewe halikuunganishwa na chochote. Wageni wakifika, mtu aliyejificha nyuma ya ukuta anamimina maji bombani kwa ndoo, wakiondoka, anaacha. Kazi ya ndoo nikaifanya mimi, maana nilikuwa hukohuko nyuma.

Mwenyekiti aliigizwa na mvulana wa darasani kwetu, wa upande wa Kamuli. Nilimfunga mto tumboni kwa khanga, nikamvika koti tuliloazima kwa katekista. Akishalivaa, hata kukohoa alikohoa kikubwa. Babu yake alivuka kutoka Rwanda kabla baba yake hajazaliwa, na baba huyo aliishi kwa vibarua vya kupalilia migomba na kuchuma kahawa za watu. Kinyambo, lugha ya kwetu, alikiongea vizuri kuliko mimi. Sikuwahi kumfikiria kuwa mgeni wa mahali popote.

Siku ya mahafali tulicheza bwaloni, juu ya madawati tuliyoyafunga kamba yasiachane. Mgeni rasmi, kiongozi mmoja wa kwetu, alikaa mstari wa mbele na maua shingoni. Wazazi walicheka mpaka wakajifuta machozi. Na yeye alicheka.

Karibu na mwisho, msichana aliyeigiza mwanakijiji alisimama na dumu tupu. "Mwenyekiti, mbona hayo maji kwangu hayafiki?"

Jibu tulilolizoea mazoezini lilikuwa la mzaha: "Mama, kiu haina foleni." Mwenyekiti wetu hakulitoa. Akamtazama yule msichana toka miguuni hadi kichwani.

"Kabla ya maji," alisema taratibu, "babu yako alitokea wapi?"

Nilikuwa nimeinua ndoo, sijui nimimine au nisubiri. Nikamimina. Maji yakatoka bombani yakapiga sakafu, mtu mmoja akacheka, mchezo ukaendelea mpaka mwisho. Watu walipiga makofi, lakini kwa kubahatisha, kama waumini wasiojua kama sala imekwisha.

Nyuma ya pazia nilikuwa namfungua ule mto. "Yale maneno umeyatoa wapi?"

"Kwetu. Baba alienda kuomba miche ya kahawa, ile ya kugawiwa bure. Akajibiwa hivyohivyo, mbele ya watu."

"Nani alimjibu?"

Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye pazia. "Si yule mwenye maua?"

Juma lililofuata hakuonekana shuleni. Mtihani ulikuwa umekaribia, kwa hiyo mwalimu alikodi pikipiki tukaenda kwao. Tulimkuta mama yake uani, anamenya ndizi ambazo ni wazi hazikuwa za watu wengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, mwalimu."

Alituambia kwamba watu walifika asubuhi moja baada ya mahafali wakamchukua mumewe, eti akaeleze uraia wake. Walimkuta shambani. Hawakumruhusu hata kunawa udongo mikononi.

Kijana wake alitoka ndani. Hakutuangalia usoni. Mwalimu alimsihi sana: arudi afanye mtihani tu, hayo mengine tutayashughulikia.

"Nikienda, mama atabaki na nani?" alisema. "Na wakinifuata mimi kwenye chumba cha mtihani?"

Mama yake aliweka kisu chini. "Mwalimu, hivi mwanangu alikosea nini? Si mlisema ni mchezo?"

Tuliondoka bila kunywa maji.

Mtihani tulifanya bila yeye. Dawati lake liliachwa mahali pake, na msimamizi alipita hapo kila siku bila kuuliza. Tamthilia yetu ilikuwa ipelekwe wilayani. Mkuu wa shule akaagiza badala yake iandaliwe ngonjera ya usafi wa mazingira. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Labda zamu yake ya uhamisho ilikuwa imefika, sijui. Baba mtu aliachiwa baadaye. Hakupewa shtaka wala samahani, akaacha kabisa kuhudhuria mikutano ya kijiji.

Juzijuzi nimekutana na yule rafiki yangu sokoni huku Karagwe. Anapakia ndizi kwenye malori. Mabega yamepanuka, sauti imekuwa ndogo. Tulisalimiana, tukaulizana habari za wazazi. Ameoa, ana mtoto.

Nikataka kumchekesha. "Bado unaigiza wakubwa? Nyumbani kwako lazima wanavunjika mbavu."

Alifuta jasho kwa kiganja.

"Mke wangu hajui kama niliwahi kuigiza," alisema.

Dereva alimwita. Akainama, akajitwika mkungu, akaenda.