Aliyebatizwa Kabla ya Kuzaliwa

Goti la kushoto la Izuchukwu Anyadike lilikuwa na miaka thelathini na minne. Pasipoti yake ilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwa miaka kumi na miwili Mnigeria huyu alikula, akalala na kufunga mabao kati ya umri huo na huo, akimwomba Mungu visije vikakutana njiani.

Msimlaumu haraka. Kule kwao Owerri, akiwa na miaka ishirini na miwili, wakala alimtazama akipiga chenga majaribioni, akamvuta pembeni. "Miguu unayo," akamwambia, "lakini kwa umri huo hakuna atakayekununua. Kuanzia leo una miaka kumi na saba." Mjomba mmoja akaenda kula kiapo cha umri huo mahakamani, pasipoti ikatoka, na mama yake Izu hakuambiwa lolote. Wenzake wote walipunguza umri. Aliyekataa kupunguza alibaki nyumbani akiendesha bodaboda, na habari ikaishia hapo.

Akacheza Kotonu. Akacheza Omdurman, akatoka huko na mshahara wa miezi minne tu kati ya kumi. Akacheza Lusaka, akapasuka goti. Dar es Salaam walimweka benchi msimu mzima, na mwishowe akaangukia Songea, kwenye klabu ya Nyota ya Matogoro, timu ya ligi ya pili ambayo kila mwaka hupigania kutoshuka daraja. Mtu mwingine angeona ameanguka. Lakini Songea walimpenda, jamani! Akipita mtaa wa Majengo kina mama wa nyanya walimwita "Izu wetu," na yeye akawajibu kwa Kiswahili chake cha kupindapinda mpaka wanacheka.

Aliyempenda kuliko wote ni Benigna, fundi cherehani wa Majengo aliyemshonea namba tisa mgongoni mwa jezi. Benigna alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Shoga zake hawakumpa nafasi ya kupumua. "Benigna we, unaolewa au unalea? Huyo si mdogo wako huyo!" Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani na kujitazama kwenye kioo akihesabu mikunjo ya macho. Izu aliyaona hayo yote na akanyamaza. Kila asubuhi alikanda goti lake kwa maji ya moto na chumvi, mlango ukiwa umefungwa, Benigna asije akamwona anavyokunja uso.

Mechi nne kabla ya msimu kuisha, wakala wake wa Dar, Abdulatifu, alipiga simu. Klabu moja ya Oman ilitaka mshambuliaji asiyezidi miaka thelathini. Mkataba wa misimu miwili, ruhusa ya kuja na mke. Mara ligi itakapokwisha, wangesaini. Izu alikaa chini mlangoni pa chumba chake na simu sikioni, machozi yakimtoka. Misimu miwili tu! Baada ya hapo goti lingekufa na lipumzike, naye angekuwa na Benigna na kitu cha kuanzia maisha. Kilichobaki ni kufunga ndoa haraka na kufika Oman kabla umri wake wa kweli haujajulikana.

Baba yake Benigna, mzee Leodegari, alikuwa katekista wa parokia, na mpira ulikuwa udhaifu wake mkubwa. Hata hivyo kwenye mambo ya sakramenti hakujua mchezo. "Mwanangu, hata ungekuwa umetufungia mabao mia," alimwambia, "bila cheti cha ubatizo kutoka parokia yako, ndoa hamna."

Izu akampigia mama yake. Mama wa watu akafurahi, akaenda parokiani siku hiyohiyo kwa miguu, na cheti kikaja mkononi mwa sista mmoja wa Kinigeria aliyekuwa anakuja misheni ya Peramiho, jirani na Songea. Kimeandikwa wazi: kuzaliwa Machi 1990, kubatizwa Aprili 1990. Izu alikitazama mpaka herufi zikachezacheza. Akajiambia kwamba kanisa na mpira havijuani, na karatasi ya kanisa hulala kabatini mpaka panya waile. Akampelekea mkwewe.

Masikini mzee Leodegari! Katika miaka yake yote ya ukatekista hakuwahi kutangaza bwana harusi aliyetoka mbali kiasi hicho, tena namba tisa wa Nyota ya Matogoro. Furaha ikamlevya. Jumapili ya kwanza alisoma tangazo la ndoa, la kwanza kati ya matatu, kwa sauti ya kutikisa mabati, kisha akabandika lingine ubaoni nje ya kanisa, kila kitu ndani yake: jina, wazazi, parokia ya Owerri, na tarehe ya ubatizo. Hakuwa na neno baya moyoni. Umri wa pasipoti hakuwahi hata kuuliza.

Jumapili ya pili Nyota iliikaribisha timu moja kutoka Tunduru. Baadhi ya washabiki wa wageni walisali misa ya asubuhi hapohapo, na mmoja wao akasimama mbele ya ubao. Huyo mtu alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Orodha ya wachezaji aliijua kichwani, na kwenye orodha Izu alizaliwa mwaka 1995. Akatoa simu, akapiga picha.

Jioni, dakika ya themanini, Izu aliruka kwa mguu mmoja mzima akapiga kichwa, wavu ukatikisika, bao moja kwa bila. Uwanja ulilipuka. Halafu upande wa wageni ukaanza kuimba, tena kwa raha zao, "Kabatizwa hajazaliwa! Kabatizwa hajazaliwa!" Watu wa Songea walicheka kwanza bila kuelewa. Izu alielewa. Alibaki amesimama kwenye boksi mikono kiunoni, na wenzake walipokuja kumkumbatia walikuta mwili umepoa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunduru walikata rufaa kesho yake, na Alhamisi kamati ikakaa. Pointi tatu zikaondoka kupewa wao mezani, Nyota ikatumbukia mkiani, na Izu akafungiwa kucheza miaka miwili. Abdulatifu aliandika ujumbe mmoja tu: "Usinipigie tena."

Ijumaa katibu wa klabu, Makarius, alikuja na barua. Hakukaa.

"Mkataba umevunjwa, Izu, na kibali chako cha kazi kimekwenda nao. Mwisho wako wa kuwa nchini ni Jumatano." Akafika mlangoni, akageuka. "Ulitufungia mabao kumi na moja. Sijui nikushukuru au nikupige."

Mji uliompenda ukamgeukia, na kwa kuwa yeye alijifungia ndani, hasira ikampata Benigna. Mtu aliandika 1990 kwa mkaa kwenye mlango wa duka lake. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Jumamosi alimfuata Izu chumbani, akasimama bila kuvua viatu.

"Miaka miwili nimechekwa kwamba naolewa na mdogo wangu," alisema, "na wewe unanitazama tu! Neno moja, Izu. Ungenong'ona neno moja tu kitandani, ningekufa nalo."

"Niliogopa."

"Na mimi ndiye wa kuogopwa?" Akalia sana, kisha akajifuta kwa kanga. "Nitakwenda na wewe Owerri. Ukishindwa kunichukua sasa, nitakungoja."

Angoje nini? Usiku kucha Izu alipiga hesabu. Kifungo kikiisha atakuwa na miaka thelathini na sita, goti bovu, hana ujuzi mwingine duniani ila kupiga mpira. Benigna angengoja, huyo alimjua. Angengoja mpaka azeeke, na mlango wake una mkaa.

Jumapili ya tatu mzee Leodegari alisoma tangazo la mwisho, sauti imemkauka. "Anayejua kizuizi cha ndoa hii afike ofisini." Hakuna aliyeguna. Baada ya misa alifungua daftari lake, na wa kwanza kugonga mlango alikuwa Izu.

"Shikamoo, baba. Nimeleta kizuizi."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Kama ni umri, si kizuizi. Umaskini nao si kizuizi. Makosa ni yangu mimi niliyebandika..."

"Andika kwamba simtaki."

Mzee akaweka kalamu chini. "Unamtaka."

"Andika, baba. Hilo kanisa litalikubali."

Nje Benigna alikuwa anaongea na sista mmoja, nao humo ofisini wanamsikia wote wawili. Mzee Leodegari alichukua kalamu, akaanza na yale ambayo lazima yaandikwe.

"Jina la anayeleta kizuizi?"

"Izuchukwu Anyadike."

"Umri?"

"Thelathini na minne," alisema Izu.

Mzee aliandika umri, ambao ulikuwa kweli. Kisha akashuka mstari, akaandika uongo aliopewa, maana bila huo binti yake asingeachiwa huru, angebaki akimngoja.