Liste Ilipotoka Bwiza

Aibu hii nawasimulia ninyi tu, maana hata mke wangu hajui kwa nini siku ile nilirudi nyumbani nimejifunga kitenge cha jirani.

Ilikuwa wakati wa vita, nafanya kazi kwenye duka la intaneti pale Bwiza, mtaa wa Bujumbura, na rafiki yangu Deo aliyekuwa ng'ambo akaniomba tujaribu zile anwani mpya za mtandao (ndefu, namba na herufi zimechanganyika), tuone kama kwa kupitia anwani hizo kompyuta yake itanionyesha orodha ya mafaili niliyomtumia, na kwa kuwa mafaili ya majaribio lazima yawe na majina, mimi kwa uchizi wangu nikayapa majina ya majirani: Mama Zuhura wa chapati, Hamisi kinyozi, karibu mtaa mzima.

Kuingia niliingia, ila orodha ikagoma. Simu ya mkononi haikushika vizuri ndani, nikatoka barazani na kupaza sauti maana Deo alikuwa hanisikii: "Liste haitoki, mi nataka majina yote. Uwa ile ya zamani kwanza, alafu tujaribu adresi mupya." (Ya zamani ni programu iliyokwama, jamani, sisi mafundi kuizima tunaita kuiua.)

Sasa, Bujumbura ya miaka ile, ukisema liste kila mtu anaelewa ni orodha ya watu wa kuuawa. Nikaona Mama Zuhura anaacha chapati ziungue, anavuta watoto ndani, Hamisi anafunga mlango na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na kabla sijaelewa, askari wawili wa doria wameshaniwekea bunduki mgongoni wananiuliza liste iko wapi. Nikajibu iko kwenye kompyuta. (Mjinga gani anajibu hivyo?)

Wakanisukuma mpaka mbele ya skrini, watu wamejaa dirishani, skrini tupu, namwomba Mungu ibaki hivyo hivyo, ndipo ile orodha iliyogoma asubuhi nzima ikashuka, jina baada ya jina. Nikajua nimekufa, na hapo hapo nikajikojolea.

Mkubwa wao akaniamuru nifungue faili la Mama Zuhura nisome kwa sauti. Nikasoma: "Chapati zake ngumu." Wakacheka, wakaniachia.

Mama Zuhura hakucheka. Alisubiri watu watawanyike, akanipa kitenge nijifunge, akasema polepole, "Mwanangu, chapati useme unavyotaka. Lakini jina yangu usiandike tena. Ya bwana yangu waliandika mara moja tu, na hakurudi."

Tangu siku hiyo mafaili yangu ya majaribio nayaita a, b, c, na jina la mtu siligusi.