Masika Wawili wa Bwera

Nilitoka Kasese kwenda Bwera kutafuta sahihi moja. Masomo ya utoaji dawa nilikuwa nimeyamaliza, darasani nimefaulu, zikabaki wiki sita za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Bila sahihi yake kwenye daftari la mazoezi hakuna mtihani wa mwisho, na bila mtihani hakuna leseni.

Asubuhi ile nilipata lifti ya lori la saruji lililokuwa likienda mpakani. Tulipita Kikorongo, milima kulia, mbuga kushoto, na dereva akanisimulia maradhi yake yote. Watu wakisikia unasomea dawa, basi, umekwisha.

Bwera nilipokewa na msimamizi, Mzee Kule, mpole, wa kabila la Wakonzo wa huko, mtoa dawa wa hospitali ndogo. Siku ya kwanza alinionya. "Hapa usiulize jina tu. Musichana wa kwanza kila nyumba ni Masika. Uliza baba yake nani, anatoka wapi, anaumwa nini." Nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee. Mimi nimelelewa kambini, baba yangu ni mwanajeshi, na kule kila mtu ana jina la kwao. Nikaona ni maneno ya wazee tu.

Wiki tano zilipita salama. Katika wiki ya sita, siku ya soko, foleni ilifika uani na Mzee Kule akaitwa wodini. Nikachukua karatasi iliyofuata, nikaita dirishani, "Masika!" Akaja mama wa makamo mwenye kikapu chekundu. Nikampa vidonge, nikamwambia, "Meza kimoja sasa hivi, kabla ya kula." Akashukuru, akaenda.

Wagonjwa kama kumi baadaye, mama mwingine akagonga dirisha. "Dawa yangu ya sukari iko wapi? Mimi Masika. Nimekaa tangu asubuhi!"

Nikapekua karatasi. Yule wa kwanza alikuja kwa vidonda vya tumbo. Nilikuwa nimempa dawa ya kushusha sukari mtu asiye na kisukari, tena nikamwagiza ameze na njaa! Karatasi yake ilisema anatoka ng'ambo, Congo. Akivuka, nimempoteza. Nikamwambia nesi amwite Mzee Kule haraka, nikarukia bodaboda.

Mpondwe, pale mpakani, palikuwa hapapitiki. Malori yamepanga mstari, wapagazi wanasukumana, mawakala wa forodha wanagombania makaratasi. Nikapaza sauti, "Mama Masika!" Wanawake watatu wakageuka. Jamani! Hakuna aliyekuwa yeye. Nikazunguka soko zima nikilia waziwazi, mpaka nikaona kikapu chekundu karibu na daraja. Mwenyewe ameketi juu ya gunia, jasho linamtiririka. Nikanyakua soda kwa mchuuzi, nikamkimbilia.

"Mama, ulimeza?"

"Nilimeza, mutoto yangu, vile ulisema. Sasa kichwa iko nazunguka."

"Nimekosea mama. Nilikupa dawa ya mtu mwingine. Kunywa soda hii, yote, sukari ipande."

Akanywa, mikono ikitetemeka mpaka nikamshikia chupa. Tulirudi kwa bodaboda nikiwa nimemkumbatia asianguke.

Hospitalini tulimlaza. Mzee Kule alipima sukari yake tena na tena, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Sikula wala sikukaa. Kesho yake mama aliamka akidai uji, nami nikatoka nje kulia upya, kwa furaha.

"Nasamehe," aliniambia akifunga kanga. "Lakini siku ingine, uniulize baba yangu ni nani."

Mzee Kule hakusamehe upesi hivyo. Alinirudishia daftari bila sahihi. "Wiki sita zingine. Tangu mwanzo."

Kasese nilifika Jumapili, nyumbani kwa baba. Njiani nilikuwa nimekubali kwamba swali moja la ziada dirishani lingechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na mimi nililionea uvivu. Kulikubali hilo kulikuwa rahisi kuliko kumkabili baba. Alinikuta mlangoni.

"Sahihi iko wapi?"

"Sikupata, afande." Nyumbani sote tunamwita hivyo. Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Nikangoja kufukuzwa.

"Ile mama iko hai?"

"Yuko hai."

"Nani alimufuata?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya. Viatu usivue. Kula, rudi Bwera."