Nzi Kwenye Picha Yangu ya Kufunga Mwaka

Leo nimejianika mwenyewe, jameni.

Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha maji ya chupa hapa Juba. Asubuhi nikajipiga picha na chupa mkononi, nikaiweka mtandaoni na kuandika: "Mwaka mzima, vita au amani, hakuna chupa mbovu imenipita."

Laiki zikamiminika. Kichwa kikavimba.

Halafu Mama Akello, yule Mganda mwenye duka mtaa wa Hai Jalaba, akaandika: "Dada, mbona iko nzi ndani ya chupa?"

Nikaikuza picha.

Nzi kweli. Tena ametulia, kama anapigwa picha yeye.

Kabla sijaifuta, bosi wangu, aliyekimbilia Nairobi risasi zilipoanza kulia, akakomenti: "Safi sana! Nimeikagua mwenyewe. Picha hii tuiweke kwenye lebo ya chupa."

Semeni nyinyi: nimwambie ukweli nifutwe kazi, au nzi naye aajiriwe?